Vibuyu vya Mama na Masikio ya Binti Yangu

Watu wanaonijua vizuri hukaa upande wangu wa kulia. Wasionijua hukaa popote, nami hulazimika kuzungusha shingo ili niwasikie. Sikio langu la kushoto lina umbo zuri na linashikilia miwani bila shida, ila sauti zikilifikia huwa zimeshachoka. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Nyumbani tuliambiwa ni ugonjwa: niliugua sikio nikiwa mchanga, likatoa usaha, likapona, likabaki hivyo. Maelezo yalikuwa mafupi na sikuwahi kudai marefu. Mama yangu hajawahi kukaa kushoto kwangu hata siku moja, iwe kanisani, mezani au njiani. Nilidhani ni mazoea tu, jinsi watu wengine wanavyopenda kiti cha karibu na dirisha.

Ninafanya kazi katika kituo cha kupoza maziwa huku Kapseret. Wakulima hufika asubuhi na mapema, wengine na mkokoteni, wengi na boda boda iliyofungwa mikebe miwili ubavuni. Kazi yangu ni kupokea au kukataa. Nanusa, natazama, natumbukiza kipimo. Maziwa yakishamiminwa nageukia mkebe wenyewe. Naingiza mkono hadi begani, napitisha kidole pale chini pembeni ambako mtu mvivu hafiki, na kidole kikitoka na utelezi, mwenye mkebe anapewa onyo mbele ya wenzake. Sipendwi sana. Kuna mzee aliyeniambia, foleni nzima ikisikia, kwamba siku nikifika mbinguni nitaanza kwa kukagua vikombe. Nilimjibu kwamba mkebe wake bado ni mchafu.

Tabia hiyo sikuipata kazini. Niliipata Ainabkoi, nyumbani kwetu, kwa mama. Mama hutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na kibuyu kina shingo nyembamba isiyopitisha mkono. Kwa hiyo kuna sosiot, mswaki mrefu wa ukuti wa mtende. Anamwaga maji ya moto, anaingiza sosiot, anasugua, anamwaga, anatazama ncha ya mswaki, anarudia. Kibuyu kikishakauka ndipo anachoma kijiti cha mti wa senetwet na kuusaga mkaa wake humo ndani kwa ajili ya ladha. Tukiwa wadogo tulikishika kibuyu kati ya magoti yeye akisugua, na sheria ilikuwa moja. Ndani huwezi kuona, kwa hiyo unauliza mswaki. Mswaki ukitoka jinsi ulivyoingia, umemaliza. Ukitoka na kitu, hata kidogo, hujaanza.

Nimeishi na sheria hiyo hadi leo, na sehemu kubwa ya maisha imenifaa.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa nikiwa na umri ambao wenzangu walishaanza kuzungumzia karo ya sekondari. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na likizo yake ya uzazi ilipoisha tukamwomba mama ashuke kutoka Ainabkoi atusaidie asubuhi. Alikuja na mfuko wa nguo, vibuyu vinne na kuku mmoja. Mchana nikitoka kituoni mtoto alikuwa wangu, na hivyo kazi ya kumwogesha ikaniangukia. Majirani walicheka. Mwanamume mzima, beseni mapajani, anapima maji kwa kiwiko! Mimi sikuona cha kuchekesha. Kuosha vitu ndiyo kazi ninayoijua.

Nilimwosha vizuri. Mikunjo ya shingo, nyuma ya magoti, kati ya vidole. Siku za Jumapili mtoto hupita mikono mingi kanisani, na kina mama wa kwetu wana mtindo wa kukunja sikio la mtoto kidogo, kana kwamba wanambembeleza, huku wanatazama nyuma yake. Hawasemi kitu. Wanatazama tu, kisha wanamtazama mama yake. Sikutaka mke wangu atazamwe hivyo kwa sababu ya kazi yangu.

Masikio, basi, niliyapa muda wa kutosha. Nilinunua supamaketi kopo la vile vijiti vyenye pamba pande zote mbili. Jioni ya kwanza niliingiza kimoja kwa uangalifu, nikazungusha, kikatoka na nta ya rangi ya asali. Nikachukua cha pili, na hicho pia kikatoka na rangi. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi anapogundua kazi ambayo wengine wangeiruka. Nikaendelea mpaka kijiti kikatoka cheupe. Kesho yake kulikuwa na nta tena. Nikafanya tena.

Mama aliniona siku ya tatu. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anafuta vumbi la mkaa kwenye kifuniko cha kibuyu.

"Wewe, hiyo sikio ya mtoto wachana nayo," alisema.

"Ni chafu, Mama."

"Panguza hapa nje na kitambaa. Ndani wachia Mungu."

Nilicheka. Nikamuuliza kama kibuyu chake nacho humwachia Mungu. Aliniangalia, akarudi kwenye kifuniko chake. Nilihesabu huo kuwa ushindi, maana si rahisi kumshinda mama yangu kwa maneno.

Alilirudia jambo hilo mara nyingine, labda mara tatu au nne, na kila mara kwa ufupi ule ule. Yeye mwenyewe, alipokuwa na mtoto asubuhi, alilowesha pembe ya leso kwa maji ya uvuguvugu, akapitisha kwenye mikunjo ya nje ya sikio na nyuma yake, basi. Niliona ni uvivu wa uzeeni. Wakati huo huo kopo la vijiti lilitoweka. Nikanunua jingine, nalo likatoweka. Nilimshuku mke wangu kwamba anavitumia kwa rangi ya kucha, na tulizozana kidogo juu ya hilo. La tatu nililiweka juu ya kabati.

Mtoto alipokaribia miezi tisa mke wangu aliacha kupika siku moja na kusimama tu. Sufuria ilikuwa imemponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kelele iliyonishtua hata mimi na sikio langu moja. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametugeuzia mgongo, anachezea kijiko. Aliendelea kuchezea kijiko.

"Umeona?" mke wangu aliuliza.

Nilikuwa nimeona. Nikasema labda amezoea kelele. Mke wangu akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto akaweka kijiko mdomoni. Tulijaribu jina lake kwa sauti ya chini, halafu ya kawaida, halafu ya juu, na ni kwa ile ya juu tu ndipo aligeuka, tena polepole, akitazama upande usio wenyewe.

Niliingiwa na woga ambao sikuwahi kuujua. Mimi nina sikio moja na najua gharama yake. Darasani nilikaa mbele si kwa bidii. Nimecheka mizaha ambayo sikuisikia, na nimeitikia "ndiyo" kwa maswali ambayo hadi leo siyajui. Lakini moja ninalo. Nilimtazama mtoto na kijiko chake na nikawaza habari ya kutokuwa na hata moja.

Wiki hiyo alikuwa na chanjo ya surua. Muuguzi wa kliniki alitikisa kayamba ndogo kushoto, akatikisa kulia, akaandika kitu kwenye kijitabu cha mtoto, akatuelekeza kwa daktari wa masikio mjini. Alisema tusiwe na wasiwasi. Alikuwa ametulia sana alipokuwa anasema hivyo, na utulivu wake ndio ulionitia wasiwasi.

Nilirudi nyumbani nikitafuta mtu wa kulaumu, na nikampata. Dirishani, kando ya mafuta ya mtoto na kitana chake, palikuwa na unyoya wa kuku. Mrefu, safi, ncha yake ngumu imechongwa. Kila mtu wa kwetu anajua unyoya wa namna hiyo hufanya kazi gani. Wazee walisafishia masikio, yao na ya watoto wao, na wengine wanaendelea mpaka sasa.

Niliuchukua nikaenda nao kwa mama. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni.

"Hii ni nini?"

"Ni unyoya."

"Mama, nakuuliza. Umemtoboa mtoto masikio na hii kitu?"

Ningekuwa mtu wa busara ningengoja jibu. Badala yake niliendelea, kwa sauti ile ninayotumia kwa wenye mikebe michafu, mke wangu akinivuta mkono. Nilisema mambo ya zamani yamepitwa na wakati. Nilisema watoto wa siku hizi si wa kufanyiwa majaribio. Halafu nikasema, "Ama unataka awe kama mimi?"

Mama alifungua leso, akamshusha mtoto taratibu, akampa mke wangu. Uso wake haukuwa na hasira. Nilisubiri hasira na haikuja, nikalichukua hilo kuwa kukiri kosa. Asubuhi alikusanya nguo zake na vibuyu vitatu. Cha nne kilikuwa na maziwa yasiyoiva, akamwachia mke wangu maagizo juu yake. Kwangu alisema nimtunze mtoto. Sikumsindikiza, kwa sababu kituoni walikuwa wananingoja, au ndivyo nilivyojiambia.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, jambo lililonilazimu kumgeuzia shavu la kulia. Mke wangu alimpakata mtoto, akamshika kichwa kifuani. Daktari alivuta sikio kidogo nyuma, akachungulia kwa kile kifaa chenye taa. Akachungulia la pili. Akarudi kwenye la kwanza.

"Nani husafisha masikio ya huyu mtoto?" aliuliza.

Mke wangu akanitazama. Nami nilijibu haraka, kwa kiburi kabisa, maana nilidhani anataka kusifu.

"Ni mimi. Kila siku."

"Na nini?"

Nikamweleza juu ya vijiti. Nikamweleza mpaka kile cha mwisho kinachotoka cheupe. Alisikiliza yote, akachukua karatasi, akachora sikio kwa ubavu, na kwa ndani kabisa akachora kitu kama kizibo.

"Kijiti kinatoka safi kwa sababu umesukuma yote huku ndani," alisema. "Baba mtoto, hii nta si uchafu. Inazuia vumbi na wadudu, na inalinda ngozi. Inatoka yenyewe pole pole, mtoto akinyonya, akitafuna. Ikifika nje, unapanguza na kitambaa. Wewe umekuwa ukiirudisha, kila siku, unaishindilia."

Nilimuuliza kuhusu unyoya. Kama mtu angetumia unyoya, angeuona?

"Unyoya ungekwaruza. Hapa hakuna mkwaruzo. Kuna kizibo tu, kulia na kushoto, na imekauka." Akaweka kalamu chini. "Una bahati hujatoboa. Ukitoka hapa, hizo vijiti tupa. Usijaribu njiti, usijaribu pini ya nywele, usimwage mafuta ya moto. Kitu yoyote isiingie huko."

Sijui kama mke wangu alisema neno pale. Alikuwa upande wangu wa kushoto.

Tulipewa matone ya kulainisha nta, ya kutiwa kwa siku kadhaa, mtoto amelala ubavu, bila kuingiza kitu kingine chochote. Daktari alituonya kwamba hatuwezi kujua kama kizibo ndicho tatizo lote mpaka kitoke. Hizo zilikuwa siku ndefu. Nilikuwa natia matone, nahesabu, namgeuza, naketi na mikono yangu mapajani. Mikono hiyo ilitaka kufanya kitu. Pale kituoni nilipitisha mikebe miwili ambayo kwa kawaida ningeirudisha, na yule mzee wa mbinguni akaniuliza kama naumwa.

Tuliporudi, daktari alitoa vile vizibo kwa vifaa vyake, cha kwanza bila shida, cha pili mtoto akilia sana. Vilikuwa vyeusi, vigumu, vidogo kuliko nilivyotarajia. Aliviweka kwenye kitambaa na mimi nikavitazama. Hapo hapo mlangoni mtu akaburuta kiti, na binti yangu akanyamaza katikati ya kilio, akageuza kichwa, akatafuta kiti. Daktari akatikisa kayamba nyuma yake, chini kabisa. Akageuka. Upande wa pili, akageuka. Mke wangu alilia. Tungerudi kupimwa baada ya miezi kadhaa, daktari alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Tukiwa tunaondoka aliniita. Alikuwa ameona nikimgeuzia shavu wakati wote.

"Kaa hapa, na wewe nikuangalie."

Nilimwambia ni ugonjwa wa zamani. Alichungulia sikio langu la kushoto kwa muda mrefu kuliko alivyochungulia la mtoto. Akasema ngoma ya sikio ina tundu la zamani sana lenye kingo zilizokauka. Inawezekana ni usaha ulioitoboa, alisema, na inawezekana kitu kiliingizwa. Baada ya miaka yote hiyo hakuna anayeweza kujua kwa kutazama. Alinipa tarehe ya kurudi. Nilimshukuru, nikaiweka karatasi mfukoni, na sikuiwazia tena, kwa kuwa nilikuwa na safari ya Ainabkoi ya kupanga na maneno ya kutafuta.

Tulienda Jumamosi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kibuyu kati ya magoti, sosiot mkononi. Alimwona mtoto kwanza. Mke wangu akamsalimu, akamkabidhi mtoto, akaingia jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mama alimkalisha mtoto pajani, na kwa mkono mwingine akazungusha sosiot ndani ya kibuyu. Ilitoa ule mkwaruzo wake. Mtoto akainama kuchungulia sauti inatoka wapi. Mama akazungusha tena, akaacha, akazungusha. Alifanya hivyo mara nyingi kabla ya kuniangalia.

"Anaskia," alisema.

"Anaskia. Mama, ni mimi. Zile pamba. Nilikuwa nashindilia."

"Najua. Makopo mawili nilitupa chooni. Ya tatu uliweka juu, sikufikia."

Nikamuuliza kuhusu ule unyoya. Akasema ni wa kufutia vumbi la mkaa kwenye vifuniko, na kwamba nilimwona akifuta mara ngapi sijui. Kweli nilikuwa nimemwona. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Alikuwa na haki, alikuwa na ushahidi, alikuwa na mke wangu upande wake. Angesema neno moja tu ningekaa kimya.

Mama aliondoa sosiot kwenye kibuyu. Hakutazama ncha yake. Aliilaza chini.

"Uliniuliza kama nataka awe kama wewe," alisema. "Ningejibu nini?"

Sikuelewa, na alinipa nafasi ya kuelewa, na bado sikuelewa. Kwa hiyo akaniambia. Nilikuwa mdogo kuliko binti yangu. Ilikuwa ni siku ya kubatizwa kwangu. Mama mkwe wake alikuwa amekunja sikio langu mbele ya watu Jumapili iliyotangulia, akatazama, kisha akamtazama mama. Basi asubuhi hiyo mama alichukua unyoya, akanishika kichwa kati ya magoti, akaanza kusugua, anauchomoa, anautazama, anarudia mpaka utoke safi. Nilirusha kichwa. Nililia, kukatoka damu kidogo, na jioni nikawa na homa. Siku zilizofuata ukaja usaha. Baba aliporudi aliambiwa ni ugonjwa. Kanisa likaambiwa ni ugonjwa, likaniombea.

"Na wewe nikakwambia hivyo," alisema. "Nikaona nimeshasema, nikaendelea."

Nilikasirika. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikumbuka kiti cha mbele darasani, na vicheko vyangu vya uongo. Nilikuwa na sauti ile ya mikebe tayari kooni. Kisha nikamwona alivyokaa, mjukuu pajani, mkono mmoja umefunika sikio la mtoto bila yeye mwenyewe kujua. Nikavikumbuka vile vizibo viwili vyeusi kwenye kitambaa. Sauti hiyo sikuitumia.

Tulikunywa chai. Tukazungumza juu ya mahindi na mvua. Alasiri mama alitusindikiza hadi barabarani, mtoto akiwa mgongoni mwake. Mke wangu alitangulia. Njia ni nyembamba na upande wa kulia una majani marefu yaliyolowa, na mama alikuwa anatembea humo humo kwenye majani, sketi imelowa hadi magotini, ilhali kushoto kwangu palikuwa pakavu.

"Mama, pita huku," nilimwambia. "Huku ni kukavu. Si lazima ukae hapo tena."

"Na nikikuongelesha, utaniskia na sikio gani?" aliniuliza.

Akaendelea kutembea kwenye majani mpaka tukafika barabarani.